Mdakaji Aliyetoka Chuo: Mlango Uliofunguliwa 1884, Ukafungwa Tena

Najua nimepotea kidogo, semina na tesiti zimenibana kweli kweli. Leo sileti umbea wa hosteli. Nataka niwasimulie habari za mwanachuo mwenzetu, wa zamani sana, jina lake Moses Fleetwood Walker. Wenzake walimwita Fleet.

Ilianza hivi. Kwenye semina ya historia ya Weusi wa Marekani, jamaa mmoja alisimama akasema kwa kujiamini kabisa kwamba mchezaji wa kwanza Mweusi katika ligi kuu ya besiboli ni Jackie Robinson, mwaka 1947. Sote tukatikisa vichwa kukubali, mimi wa kwanza. Mwalimu akauliza swali moja tu: kama 1947 ndo mlango ulifunguliwa, nani aliufunga, na lini? Kimyaaa. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba mtu hafungi mlango ambao haujawahi kuwa wazi.

Basi nikaenda kutafuta, na huko ndo nikakutana na Fleet.

Kwanza niwaeleze kazi yake, maana wengi wetu tumekulia kwenye soka na besiboli tunaiona kwenye sinema tu. Kuna mrushaji, anayevurumisha mpira. Kuna mpigaji, ameshika gongo. Nyuma ya mpigaji kachuchumaa mdakaji, na huyu ndo Fleet. Ni kama golikipa, ila golikipa anayepigiwa penalti mchana kutwa. Tena ndiye anayeusoma mchezo: kwa ishara za vidole anamwambia mrushaji atupe mpira wa aina gani, ili ajue aupokee wapi.

Sasa fikirieni miaka ya 1880. Mrushaji alisimama kama futi 50 tu kutoka kwa mpigaji. Kinyago cha waya cha kulinda uso kilikuwa kimebuniwa Harvard miaka michache tu nyuma, na ile glavu nene ya mdakaji tunayoiona leo haikuwepo. Kijana aliyekuwa akiwatunzia magongo wachezaji wa Toledo alikuja kukumbuka uzeeni kwamba Walker mara nyingine alivaa glavu nyepesi ya ngozi ya kondoo, lakini mara nyingi alidaka kwa mikono mitupu. Vidole kuvunjika lilikuwa jambo la kawaida. Kwa kifupi, hii haikuwa kazi ya kupewa mtu kwa huruma. Ukipangwa kudaka, ujue timu inakuhitaji.

Fleet alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1856 huko Mount Pleasant, jimbo la Ohio, na akakulia Steubenville, mji wa jirani. Ohio halikuwa jimbo la utumwa. Baba yake alikuwa mganga na pia mchungaji wa Kimethodisti, kwa hiyo nyumbani vitabu vilikuwepo. Mwaka 1878 alijiunga na Oberlin College, na hapa naomba tusimame kidogo.

Oberlin haikuwa chuo cha kawaida. Iliamua kupokea wanafunzi Weusi mwaka 1835, yaani miaka 30 kabla utumwa haujafutwa Marekani, na miaka miwili baadaye, 1837, ikapokea wanawake. Kwa hiyo Fleet alipofika pale hakuwa ajabu ya kutazamwa. Alikaa darasani na Wazungu, akala nao, na mwaka 1881, chuo kilipounda timu yake ya kwanza ya kushindana na vyuo vingine, yeye ndo akawa mdakaji wao. Mdogo wake Weldy naye alikuwemo kikosini.

Msimu huo Oberlin ikaifunga University of Michigan 9 kwa 2. Unajua wakubwa wakifungwa na wadogo wanafanyaje? Wanamchukua mchezaji! Mwaka 1882 Fleet akahamia Michigan, akasoma sheria na kuidakia timu ya chuo. Mwaka huohuo akamwoa Arabella Taylor, binti waliyefahamiana palepale Oberlin.

Mpaka hapo unaweza kusema mambo yake ni safi: chuo kizuri, mke, kipaji. Ila kuna kitu nimekiruka makusudi, kilichotokea nje ya geti la chuo.

Agosti 1881, wakati wa likizo, Fleet alichukua kibarua cha kuchezea timu ya kampuni moja ya cherehani ya Cleveland. Wakasafiri hadi Louisville, Kentucky, jimbo ambalo lilikuwa la utumwa mpaka 1865, kucheza na timu iitwayo Eclipse. Wenyeji wakasema hawachezi na Mweusi, Fleet akawekwa nje. Mchezo ukaanza. Baada ya muda mfupi sana yule mdakaji wa akiba akaumia mkono, akasema hawezi kuendelea. Watazamaji, ambao wengi wao walikuwa Wazungu wa Kentucky, wakaanza kupiga kelele wakimtaka Walker! Fleet akaingia uwanjani, akadaka mipira kadhaa ya kupasha misuli, watu wakashangilia. Wachezaji wa Eclipse wakakataa kata kata, wengine wakaanza kuondoka uwanjani. Mwishowe mchezaji mwingine wa Cleveland akajitolea kudaka, Fleet akarudi kukaa.

Hiyo picha mimi imenikaa kichwani. Umati unamtaka, mchezo unamhitaji, na watu wachache wenye msimamo wanatosha kumzuia. Hakuna sheria iliyotajwa pale, wala askari aliyeitwa.

Tuendelee. Mwaka 1883 Fleet akaacha masomo. Aliondoka Oberlin bila digrii, akaondoka na Michigan bila digrii. Nyie mnaosubiri bumu mnaelewa: mtu ana mke, familia inaanza, na kuna timu iko tayari kumlipa sasa hivi. Timu yenyewe ni Toledo Blue Stockings, katika ligi ya chini iitwayo Northwestern League. Kabla hata msimu haujaanza, mwezi Machi, mjumbe wa klabu ya Peoria alileta hoja kwenye kikao cha ligi kwamba wachezaji Weusi wapigwe marufuku. Aliyekuwa akilengwa alijulikana. Wajumbe wakabishana kwa ukali, hoja ikaondolewa. Msimu ukachezwa, na Toledo, ikiwa na Fleet nyuma ya mpigaji, ikachukua ubingwa.

Agosti 10 mwaka huohuo Chicago White Stockings walikwenda Toledo kucheza mechi ya kirafiki. Nahodha na meneja wao alikuwa Cap Anson, mmoja wa mastaa wakubwa kabisa wa enzi zile. Anson akatangaza kwamba timu yake haiingii uwanjani kama kuna Mweusi. Kilichonifurahisha ni kwamba siku ile Fleet alikuwa mgonjwa wa mkono, hakupangwa kucheza kabisa. Meneja wa Toledo, Charlie Morton, aliposikia masharti hayo alikasirika, akampanga Fleet pembeni, upande wa kulia. Halafu akamwambia Anson: usipocheza, mgao wako wa viingilio huuoni. Anson akacheza! Akanung'unika, akatukana, lakini akacheza, na Chicago ikashinda 7 kwa 6.

Mimi niliposoma hapo nilipiga meza, jamaa wa kitanda cha juu akadhani nimefaulu kitu. Maana mnaona? Yule mtu mkubwa hakuwa na nguvu hiyo tunayodhani. Alipokutana na meneja mmoja asiyelegea, na hesabu ya hela, alinywea.

Mwaka 1884 Toledo ikapandishwa kuingia American Association, ambayo ilihesabiwa kuwa ligi kuu. Kwa hiyo bila hata kuhama timu, Fleet akawa mchezaji wa ligi kuu. Mechi yake ya kwanza ilikuwa Mei 1, 1884. Wapi? Louisville. Na nani? Eclipse, walewale! Ningependa kuwaambia aling'ara siku hiyo, lakini historia si sinema ya Kihindi. Hakupata hata pigo moja, akafanya makosa manne ya kudaka na kurusha, na Toledo ikafungwa 5 kwa 1. Hata hivyo msimu mzima alicheza mechi 42, na kama robo ya zamu zake za kupiga zilifanikiwa, kiwango kizuri tu kwa mdakaji wa wakati ule. Mdogo wake Weldy naye alichezeshwa mechi chache.

Hapa niweke sawa jambo moja, msije mkanirukia. Watafiti waligundua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba kijana mmoja, William Edward White, mwanafunzi wa Brown University, alicheza mechi moja tu ya ligi kuu mwezi Juni 1879. Mama yake alikuwa mtumwa, baba yake Mzungu aliyewamiliki. Lakini White aliishi akijulikana kama Mzungu. Kwa hiyo Fleet ndiye wa kwanza kucheza huku kila mtu uwanjani akijua ni Mweusi. Na wote wawili walitokea chuoni, si ajabu. Ligi zenyewe hazikuwa na utaratibu wa kutafuta vijana Weusi. Chuo kilikuwa moja ya sehemu chache ambapo kijana wa namna hiyo angeweza kuonekana akicheza na Wazungu.

Ndani ya timu yenyewe hali ilikuwaje? Mrushaji mkuu wa Toledo alikuwa Tony Mullane, mzaliwa wa Ireland, aliyeshinda mechi 36 msimu ule. Miaka mingi baadaye, mwaka 1919, alikiri mwenyewe gazetini kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliowahi kufanya nao kazi, lakini kwa kuwa hakupenda Weusi, alikuwa akipuuza ishara zake na kurusha apendavyo. Fleet aligundua, akamfuata, akamwambia kwamba kuanzia hapo atadaka bila ishara. Na akadaka hivyo msimu uliobaki, bila kujua mpira unakuja wa aina gani!

Rudini kidogo kwenye ile habari ya mikono mitupu. Kudaka mpira usioujua, kutoka futi 50, bila glavu ya maana, kutoka kwa mwenzako anayekuficha makusudi. Kama hilo si somo la uvumilivu sijui ni nini. Lakini mimi sitaki kulisifia sana, maana uvumilivu haukumwokoa. Mwezi Julai mpira ulimvunja ubavu. Septemba, timu ikijiandaa kwenda Richmond, Virginia, Morton alipokea barua iliyosema kwamba wanaume 75 wameapa kumshambulia Walker akithubutu kuonekana uwanjani na sare. Fleet hakusafiri, alikuwa bado anaumwa, na mwezi huohuo timu ikamwachia. Baada ya msimu Toledo yenyewe ikaondoka ligi kuu.

Sasa turudi kwenye swali la mwalimu: nani aliufunga mlango, na lini?

Fleet hakuacha mchezo. Alicheza Cleveland, akacheza Waterbury, na mwaka 1887 akawa Newark, katika International League, ligi ya daraja la chini yake tu. Huko alikutana na mrushaji Mweusi hodari, George Stovey. Mrushaji Mweusi na mdakaji Mweusi katika timu moja, na safari hii bila shaka ishara zilisomwa! Ligi ile mwaka ule ilikuwa na wachezaji Weusi kadhaa katika timu mbalimbali. Yaani mlango ulikuwa unazidi kupanuka.

Tarehe 14 Julai 1887 mambo mawili yakatokea siku moja. Newark ilikuwa icheze na Chicago ya Anson, na Stovey alitangazwa kuwa ndiye mrushaji. Anson akaleta masharti yaleyale ya 1883. Safari hii hakukuwa na Morton. Stovey akasemekana ni mgonjwa, Walker naye hakucheza. Na siku hiyohiyo, mjini Buffalo, wamiliki wa timu za International League walikaa kikao wakapiga kura, 6 kwa 4, kwamba ligi isiidhinishe tena mikataba mipya ya wachezaji Weusi.

Kura sita kwa nne, wadau. Mbili tu zingebadilika, hoja haipiti.

Ligi kuu hazikuhitaji hata kupiga kura. Hazikuandika kanuni, zilielewana tu, na maelewano ya kimyakimya ni magumu kuliko sheria, kwa sababu hakuna karatasi ya kupeleka mahakamani. Na mahakama yenyewe ilikuwa imeshageuka: mwaka 1883 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sheria ya 1875 iliyokataza ubaguzi kwenye hoteli, reli na kumbi za burudani, na mwaka 1896 ikahalalisha utengano wenyewe katika kesi ya Plessy. Besiboli ilikuwa inatembea na nchi yake.

Fleet alimalizia Syracuse, akachukua nao ubingwa wa 1888, akaachwa mwaka 1889. Baada yake International League haikuwa tena na mchezaji Mweusi mpaka Jackie Robinson alipovaa jezi ya Montreal mwaka 1946. Miaka 57. Mtoto aliyezaliwa siku Fleet anaondoka alikuwa ameshakaribia kustaafu.

Maisha yake ya baadaye yana vituko mpaka unashangaa ni mtu mmoja. Mwaka 1891 kundi la Wazungu lilimvamia Syracuse, akajitetea kwa kisu, mmoja akafa. Jopo la Wazungu watupu likamwona hana hatia, na mahakama ikalipuka kwa shangwe. Mwaka 1898 alifungwa mwaka mmoja kwa wizi wa barua alipokuwa karani wa posta kwenye reli. Alisajili hataza za uvumbuzi, zikiwemo za vifaa vya kuonyeshea sinema, na aliendesha ukumbi wa maonyesho huko Cadiz, Ohio.

Na mwaka 1908 akachapisha kitabu kidogo, Our Home Colony. Humo alihitimisha kwamba Weusi hawatapata haki Marekani, dawa ni kuhamia Afrika. Hapo nilinyamaza kidogo. Huyu si mtu aliyekulia mbali na Wazungu. Alisoma nao, akacheza nao, akashangiliwa nao, akaachiwa huru nao. Mtu ambaye hajawahi kuingia ndani anaweza kuamini kwamba siku moja atakaribishwa. Fleet aliingia, akaona mlango ukifungwa nyuma ya mgongo wake, akaacha kuamini. Afrika hakuja. Alifariki Cleveland tarehe 11 Mei 1924, akiwa na miaka 67, akazikwa Steubenville katika kaburi lisilo na jiwe lenye jina lake. Cap Anson aliingizwa kwenye ukumbi wa mashujaa wa besiboli mwaka 1939. Jiwe la Fleet liliwekwa mwaka 1990, na waliolipeleka ni watu wa Oberlin, chuo chake.

Simwondolei Robinson heshima yake. Aliupasua mlango uliokuwa umepigwa misumari kwa miaka 60, na hiyo ni kazi nzito kuliko kupita mlango ulio wazi. Lakini tukisema yeye ni wa kwanza kabisa, tunawasaidia wale waliofunga. Tunaifanya ionekane kama ubaguzi ule ulikuwepo tangu dunia iumbwe, ukaisha watu walipostaarabika. Sivyo. Ulipangwa na watu wenye majina, kwenye kikao chenye tarehe, kwa kura zinazohesabika.

Ndo maana nimeleta habari hii kwetu wanachuo. Sisi tuna tabia ya kudhani kilichoshapatikana kimepatikana, hakirudi nyuma. Mwaka 1884 Fleet naye alikuwa na sababu zote za kudhani hivyo. Mlango ulio wazi unahitaji mtu wa kuushikilia, na siku Morton hakuwepo, hakutokea mwingine.

Semina ijayo nimeomba dakika kumi, nitamjibu mwalimu. Jamaa wa 1947 nimeshamwambia ajiandae, amecheka, kasema na yeye kaenda kusoma. Tutaona.

Haya, alamsiki wadau. Foleni ya bafuni imepungua.